Ulinganisho: kutoa programu kwa mfululizo au toleo moja kila mwezi?

Mtunza_Mfumo, Malindi
Assalaamu alaykum wanajukwaa. Tuna timu ndogo hapa Malindi inayotunza mfumo wa kuhifadhi nafasi katika nyumba za wageni, kuanzia Watamu hadi Shela, na malipo mengi hupitia M-Pesa. Hadi sasa tunatoa toleo moja kila mwisho wa mwezi, usiku. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba tuhamie utoaji wa mfululizo, ili kila badiliko lililofaulu majaribio liweze kuwafikia wateja siku hiyo hiyo. Mwingine anasema hayo ni mambo ya makampuni yenye wahandisi tele. Msimu wa kaskazi unakaribia na nyumba zitajaa. Walioonja njia zote mbili watueleze gharama na faida.

Fundi_wa_Seva
Wa alaykum salaam. Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Ipo njia ambayo kila badiliko hujengwa, hujaribiwa na kuwekwa tayari, ila mtu ndiye anayebonyeza kitufe cha kulitoa. Na ipo ile isiyo na kitufe, ambapo badiliko likifaulu huenda lenyewe. Ya kwanza inawafaa ninyi. Ya pili naona muisubirishe.

Faida yenyewe si kasi, ingawa ndiyo inayopigiwa ngoma, bali ni udogo wa kila toleo. Mkitoa mabadiliko arobaini kwa usiku mmoja, na kulipopambazuka mgeni akakatwa pesa mara mbili, mtashinda mkichambua yote arobaini. Mkiwa mmetoa moja, mnajua pa kushika, na kulirudisha la jana ni kazi ya dakika chache.

Wanaodhani kutoa kwa mkono ndiko salama wakumbuke Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa. Fundi alipaswa kunakili programu mpya kwenye seva nane, akaisahau moja. Tarehe 1 Agosti 2012 seva hiyo iliamsha msimbo (maandishi ya programu) wa zamani uliokwisha kuachwa, na kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440 katika soko la hisa.

Binti_Majaribio
Nakubaliana na ndugu Fundi, lakini amepita juu juu kwenye gharama. Mashine si tatizo: mpango wa bure wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, hutoa dakika 2,000 kwa mwezi za mashine za kujenga na kujaribu, kwa hifadhi za faragha, na kwa timu ndogo hizo zinafika mbali. Gharama ni saa za watu wanaoandika majaribio, na saa hizo hakuna mteja anayezilipia moja kwa moja.

Chukueni malipo peke yake. Ombi la malipo likishatumwa kwenye simu ya mgeni, jibu la Safaricom haliji papo hapo. Huja baadaye kwenye anwani ya mtandaoni mliyoiandikisha, na huenda likachelewa, likaja mara mbili, au lisije kabisa. Jaribio la matokeo 0, yaani mgeni amelipa, kila mtu huliandika. Je, mnalo la namba ya matokeo 1032, pale mgeni anapofuta ombi mwenyewe? Mnalo la jibu lililorudiwa, ambalo halipaswi kuandika risiti ya pili? Kama hamna, utoaji wa mfululizo utawapelekea wateja makosa yenu upesi zaidi, basi. Mimi ningeanza na malipo, na kurasa za picha za vyumba zingengoja.

Jeti_ya_Mokowe
Hoja zote hizo ni za seva. Programu iliyomo kwenye simu ya mteja ni jambo jingine, kwa sababu ikishatoka hamwezi kuirudisha kwa amri moja. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, walisambaza faili lenye kasoro kwenye kompyuta za wateja wao, wakaliondoa baada ya dakika 78. Hata hivyo kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilikuwa zimeathirika, na nyingi zilitengenezwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Isitoshe, mnapotoa masasisho ya simu kila siku, anayelipia bando ni mteja. Seva mfululizo, simu kwa awamu, mkianza na watumiaji wachache.

Mpokea_Wageni
Mimi si mtaalamu, ila natumia mifumo ya namna hii kila siku. Tafadhali msibadilishe skrini ya mapokezi siku ya Ijumaa mchana, boti zinapoleta wageni kwa makundi. Kitufe kikihama mahali pake, foleni ni yangu, si yenu.

Fundi_wa_Seva
Dada amesema kweli, na dawa ipo: badiliko lifike kwenye seva likiwa limezimwa kwa swichi iliyomo ndani ya programu yenyewe, kisha liwashwe Jumatatu asubuhi kwa nyumba moja kwanza. Ila swichi zilizokwisha kazi ziondolewe, maana Knight waliponzwa pia na swichi ya zamani waliyoipa kazi mpya.

Mtunza_Mfumo, Malindi
Shukrani nyote. Tutaanza na majaribio ya malipo, kitufe kibaki mkononi mwa mtu, na programu ya simu iendelee kutolewa kila mwezi. Limebaki la hifadhidata: safu ya jedwali ikibadilishwa jina, toleo la jana haliisomi tena, na hapo kurudi nyuma hakuwezekani. Nyinyi huongeza safu mpya mkaiacha ya zamani kwa muda, au mna njia nyingine?