Tupeane uzoefu: nyufa za chesisi na paa linalovuja kwenye Land Cruiser za watalii

Vumbi la Manyara: Wakuu, leo nimeinua zulia la nyuma nikakuta bati limeota kutu. Juu yake kona ya paa la kunyanyua (lile wageni wanalosimama chini yake kutazama wanyama) ina ufa unaopitisha mwanga. Gari halina hata miaka miwili tangu lirefushwe, yaani likatwe katikati na kuungwa ili libebe wageni wengi. Aliyepitia haya aseme alianzia wapi.

Kijana wa Sakina: Umenikumbusha mbali sana. Ilikuwa Februari, nyumbu wanazaa Ndutu, natoka huko na familia yenye watoto wadogo tunaelekea Seronera. Tukashapita lango la Naabi, na ile njia mnaijua ikiwa haijachongwa na greda: mawimbi ya udongo mwanzo mwisho. Mlango wa nyuma kushoto ukaanza kugoma kufunga. Nikadhani ni bawaba. Kumbe gari lilikuwa linapinda! Mbele kidogo ukatoka mlio mmoja mkavu, kama mtu anavunja muwa, gari likakaa chini katikati. Kuchungulia, chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, imefunguka palepale ilipoungwa. Upande wa kulia ndio umebaki kushikilia. Jua linazama, fisi wameshaanza kulia, watoto nao wanalia. Nikaita kwa redio, mwenzangu akaja kuwachukua wageni, mimi nikalala na gari. Kesho yake likarudi Arusha juu ya lori. Aliyeliunga alichomelea mstari mmoja wa wima bila pleti, yaani kipande cha bati nene cha kuimarisha kiungo. Roho za watu, jamani!

Ndege wa Mbugani: Fisi walifika karibu? Na wageni walimalizia safari?

Kijana wa Sakina: Walizunguka gari usiku kucha. Wageni walimaliza, na mama yao alinikumbatia tulipoagana.

Mama Safari: Mkuu, pole sana. Mimi nimesisimka.

Grainda: Sikilizeni. Ufa wa chesisi hauzibwi juujuu. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae, toboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa usiendelee kutembea, chimba mfereji wa V, ndipo uchomelee mpaka ndani. Kisha pleti ya umbo la almasi. Pleti yenye kingo za wima inahamisha tu ufa, chuma kinapasuka tena pembeni yake. Na chomoa betri kwanza, usije ukaunguza kompyuta ya gari.

Dizeli Tupu: Injini ya 1HZ, dizeli ya kizamani ya Land Cruiser, ina kompyuta gani?

Grainda: Altaneta ya kuchaji betri inayo au haina? Nayo inaungua. Chomoa.

Wa Nairobi: Hata huku tunarefusha, na shida si kurefusha. Ni mizigo juu ya paa, tairi mbili za akiba, friji, halafu dereva anapiga kilomita themanini kwa saa kwenye mawimbi. Serengeti mwisho ni 50.

Kijana wa Sakina: Kaka, ratiba anaandika mtu wa ofisini. Ukichelewa lango, lawama ni zako. Usituhukumu ukiwa kwenye lami.

Wa Nairobi: Sijakuhukumu wewe. Nasema chuma hakijui ratiba.

Mama Safari: Turudi kwenye paa. Mimi napaka silikoni kila kabla ya masika, haliingizi tone.

Grainda: Dada, hapo hutashikisha rangi wala resini (gundi ya faibaglasi) tena. Silikoni inazikataa zote mbili.

Mama Safari: Lakini wageni wangu hawalowi.

Dizeli Tupu: Mnunulie kila mgeni koti la mvua, yaishe.

Mzee wa Karatu: Vijana, kazeni kwanza vifungio vya paa. Paa linalocheza litapasua faibaglasi yoyote utakayoweka. Kisha kwangua rangi yote, acha pakauke kabisa maana resini haitaki unyevu, weka mkeka wa faibaglasi kwa ndani na nje. Kazi hiyo ifanyike kiangazi, si Aprili.

Vumbi la Manyara: Shikamoo mzee. Nimekagua, vifungio viwili vya nyuma vinacheza kweli. Grainda, pleti iwe na unene gani?

Grainda: Ulingane na chesisi yenyewe. Ikizidi unene, inakuwa ngumu kuliko chuma cha jirani, na ufa utahamia kwa jirani.