Mafundi wa Mombasa, kama kazi ya 240Z hamuijui semeni hamuijui! Gari langu limeharibiwa

Wadau, assalam aleikum na hamjambo nyote. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha.

Gereji moja ya hapa kisiwani ilipokea Datsun 240Z yangu ya mwaka 1972 kwa kazi tatu tu: kubadilisha gasketi ya hedi, kusawazisha kabureta mbili, na kukata kutu ya sakafu kisha kuchomelea bati jipya. Pesa walichukua nusu mwanzo na nusu mwisho. Nilichorudishiwa ni injini inayogonga mbele kama ina misumari ndani, kabureta iliyochanganywa na vitu vya gari jingine, na sakafu ya pati (ile lipu ya kuzibia mashimo ya bodi) iliyopakwa lami nyeusi juu. Jina la gereji silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kuna vijana nishawasikia wakisema "si Datsun tu hiyo, kwani ina nini?" Basi sikizeni. Gari la aina hii ndilo lililoshinda rali ya East African Safari mwaka 1971, Edgar Herrmann akiendesha na Hans Schüller akisoma ramani. Likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, mwaka ule ule Safari ilipoingia katika mashindano ya dunia ya rali. Matope ya kwetu, mawe ya kwetu, vumbi la kwetu. Waingereza wanalipenda, Wamarekani wanalipenda, Wajapani ndio waliolitengeneza, lakini jina lake la rali lilipatikana hapa. Na hapa ndipo linapouawa, kwa bisibisi na mkebe wa pati.

Nianze na injini, maana hapo ndipo pana uchungu zaidi. Ni L24, silinda sita kwa mstari, cc mbili elfu mia tatu tisini na tatu, bloku ya chuma na hedi ya alumini, yaani kipande cha juu kinachoifunika bloku. Kamshafti, shafti inayofungua vavu, iko juu, inazungushwa na cheni ndefu inayotoka kwenye kranki, shafti kuu ya chini. Mbele ya bloku, nyuma ya kifuniko, kuna tenshona inayoisukuma cheni isilegee. Mtu yeyote aliyewahi kufungua hedi ya L24 anajua jambo moja kabla hajashika spana: kabla ya kutoa gia ya kamshafti, unateremsha kabari ya mbao katikati ya cheni, unaigonga polepole mpaka ikaze. Ile kabari inaishikilia tenshona mahali pake. Usipoiweka, cheni inalegea, pistoni ya tenshona inaruka nje na kuangukia ndani ya kifuniko. Ikisharuka hakuna njia ya mkato. Unatoa puli, unatoa pampu ya maji, unafungua kifuniko kizima cha mbele, unairudisha kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha lakini ndiyo kazi.

Hawa hawakuweka kabari, na tenshona iliporuka hawakufungua kifuniko. Walivuta cheni kwa bisibisi mpaka gia ikaingia, wakakaza bolti, wakafunika, wakanipigia simu gari liko tayari. Nilipowauliza kelele ile ni ya nini, nikajibiwa, "Sheikh, injini kuukuu zote ndivyo zinavyolia, wewe endesha tu, itajizoea." Itajizoea! Cheni haina kinachoikaza, ikiruka meno vavu zinapishana na pistoni kwa bahati tu, halafu mimi niendeshe tu.

Nililipeleka kwa brekidauni hadi kwa mzee mmoja wa Majengo, fundi wa siku nyingi ambaye mikono yake imezipita Datsun kuanzia 1200 mpaka 160J. Hakuuliza mengi. Aliliwasha, akaweka mpini wa bisibisi ndefu sikioni na ncha kwenye kifuniko cha mbele, akalizima. "Mwanangu, humu tenshona haimo." Alipofungua, pistoni ya tenshona ilikuwa imelala chini kabisa, karibu na sampu, bakuli la oili, na ukuta wa ndani wa kifuniko umekwanguliwa mfereji unaong'aa pale cheni ilipokuwa ikipiga. Unga wa alumini umechanganyika na oili. Nimepiga picha zote, nitaziweka hapa chini.

Hayo hayakutosha. Hedi ilipelekwa kuskimiwa, yaani kukatwa uso wake wa chini uwe sawa, bila ya mtu kunipigia, na bila ya mtu kupima. Hedi ya injini hii ikiwa mpya ina kimo cha milimita 108 hivi. Kila ukiikata, kamshafti inateremka, cheni inapata ulegevu, na taiming ya vavu inachelewa. Ndiyo maana Wajapani walitoboa matundu matatu kwenye gia ya kamshafti, ili uweze kusogeza taiming cheni inapochakaa. Ndiyo maana pia mtu anayeijua kazi akikata hedi sana huweka shimu, vipande vyembamba vya chuma, chini ya minara inayobeba kamshafti. Gereji ile ilirudisha gia kwenye tundu lile lile la kwanza na kuendelea na maisha. Tapeti nazo, yaani nafasi za vavu, mzee alizipima kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia, hakuna mbili zilizolingana. Kipimo chake kimeandikwa tangu gari limetoka kiwandani: injini ikiwa baridi, vavu za kuingiza milimita 0.20, za kutoa 0.25. Kitabu kilikuwa ndani ya gari, juu ya kiti. Kilirudi hakijafunguliwa.

Kabureta ndiyo iliyonitoa machozi. Zipo mbili za Hitachi, mtindo wa SU. Kila moja ina pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kofia ya alumini, na hiyo pistoni na kofia yake ni ndugu wa tumbo moja, zilipimwa pamoja. Hazichanganywi. Ukitaka kujua kama ni nzima, inua pistoni kwa kidole uiachie: inashuka taratibu, kisha inagonga chini kwa sauti safi, tak. Ya mbele yangu ilikuwa hivyo, na ya nyuma hivyo hivyo. Sasa ya mbele inashuka nusu na kukwama. Kutazama vizuri, pistoni ni ya nyuma, na kofia iliyo juu yake si ya gari langu kabisa! Ina mikwaruzo ndani, ina alama ya kubanwa na praisi pembeni. Yangu nilikuwa nimeing'arisha kwa mkono wangu na ndani haikuwa na doa.

Kofia yangu iko wapi? Jibu nililopata: "Bosi, vitu vyote tulikurudishia."

Sakafu. Mombasa sote tunajua hali ya hewa yetu. Chumvi iko hewani usiku na mchana, ukiegesha Kizingo au Nyali asubuhi unapangusa kioo chenye chumvi. 240Z hata kule kwenye baridi linasifika kwa kutu: chini ya betri ambapo asidi inadondoka, sakafuni, sehemu za chini nyuma ya milango, na zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Zile reli na ile sakafu ndizo zinazoshika injini mbele na wewe katikati. Kwa hiyo kutu hapo si suala la urembo.

Makubaliano yalikuwa wakate mpaka wafike kwenye bati zima, wachomelee bati la geji 18, wapake praima ya zinki, ndipo waweke lami. Nilinunua bati mwenyewe nikawapelekea. Nilipoweka sumaku sakafuni upande wa dereva, haikushika. Nikasogeza, haikushika. Nikachukua bisibisi nikabonyeza kidogo tu, ikazama: faiba, pati, na gazeti! Gazeti limekunjwa likajazwa ndani ya reli, juu yake faiba, juu yake pati, juu yake lami nzito inayopendeza macho. Bati langu sijui limeezekea nini. Kutu yote iko pale pale ndani, sasa imefunikwa na inashika unyevu wa gazeti. Mzee wa Majengo alikataa kuweka jeki upande ule, akasema gari litakunjika mlangoni.

Jamani, hapo kuna roho ya mtu. Mke wangu na watoto hupanda gari hilo.

Na kila nilipokwenda kulalamika wimbo ulikuwa mmoja: "Tukuwekee 1JZ ya Toyota, hii injini ilishapitwa." Mimi si mtu wa kukataa mabadiliko, msinielewe vibaya. Pointi za distribyuta nilishatoa na kuweka mfumo wa kielektroniki, na gari linawaka asubuhi bila ya maneno. Breki za mbele nina mpango wa kaliper za Toyota Hilux za zamani, zile za pistoni nne, kwa sababu watu wa 240Z duniani kote wamezifunga, zinaingia kwenye bolti zile zile, na Mombasa hii hakosekani mtu mwenye Hilux ya kuchinjwa. Mabadiliko ya namna hiyo unaweza kuyarudisha nyuma siku ukitaka. Lakini kukata bodi ya gari ambalo halitengenezwi tena ili uingize injini ya Toyota, eti kwa sababu wewe fundi umeshindwa na tenshona, hilo ni jambo jingine. Na serikali hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo hizi zilizobaki nchini ndizo hizo hizo. Likiharibiwa moja, hatuagizi jingine kutoka Japani kama Probox.

Si mafundi wote, nasema wazi. Wapo wazee Majengo, Bondeni na Changamwe wanaofanya kazi kwa heshima, na wengi wao hawana hata ubao mlangoni. Hasira yangu ni kwa gereji zenye ubao mkubwa, picha za magari ya rali ukutani, na bei ya ubao huo, ambazo zikiletewa kitu zisichokijua hazina ujasiri wa kusema, "Ami, hili hatuliwezi, mpeleke fulani." Ningewapa asante na pesa ya chai.

Kuanzia sasa fundi atakayegusa gari langu atanipa vipande vyote vya zamani ndani ya sanduku, hata gasketi iliyoungua. Atapiga picha kutu kabla ya kukata na bati baada ya kuchomelea, kabla ya tone la lami. Hedi haitoki gerejini bila ya mimi kujua inakwenda kwa nani na imekatwa kiasi gani. Asiyetaka masharti hayo, tusisumbuane. Na nyinyi wenye 120Y, 160J, Peugeot 504 na Escort za zamani, nawaomba wekeni hapa yaliyowapata, pamoja na picha. Wekeni na mafundi wa kweli wa bati, kwa mtaa, anayependa jina lake litajwe.

Gereji nimewapa barua, nataka pesa ya sakafu irudi yote pamoja na gharama ya kifuniko cha mbele. Wakikataa tutakutana mahakama ya madai madogo, picha ninazo na risiti ninazo.

Na hili ni la dharura: kuna mtu anatembeza kofia ya kabureta ya Hitachi, aina ya SU, imeng'arishwa nje mpaka inaakisi uso, na ina nukta ndogo niliyoipiga kwa senta panchi kando ya tundu la skrubu. Ukiletewa Kongowea, Mwembe Tayari au popote, usiinunue. Nitumie ujumbe hapa hapa, nitakuja nayo nusu yake ya pili tuzilinganishe mbele ya huyo muuzaji.