Nebula ya Jabari kwa wanafunzi: darubini au picha za infraredi?

Ticha_Moshi: Wakuu, habari. Nina klabu ya sayansi, kidato cha pili, na usiku mmoja tu katikati ya Januari. Nataka waone nyota zinakozaliwa, kwenye nebula ya Jabari (M42), lile wingu la gesi na vumbi katika kundi la nyota la Jabari. Nimeazima darubini ya inchi 6, projekta ipo. Nitegemee kipi: jicho, au picha za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za James Webb, darubini iliyoko angani?

Dereva_Porini: Jicho, mkuu. Mimi huwaonyesha wageni kambini kwa darubini ileile ya kutafutia chui. Kuanzia saa nne usiku Jabari yuko utosini kabisa huku kwetu. Mwanga huo umesafiri kama miaka 1,350, halafu umwonyeshe mtoto ukutani?

MamaKibo: Mwaka jana wangu walipanga foleni, kila mmoja akitoka anauliza, "Ni huo ukungu tu?" Gizani jicho halitofautishi rangi, kwa hiyo ni kijivu tupu. Na nyota zinazozaliwa sasa hivi hawataziona, zimefunikwa na vumbi. Infraredi ina mawimbi marefu kuliko chembe za vumbi, inapenya. Mwaka 1967 wanaastronomia Becklin na Neugebauer waliikuta nyota changa kwenye wingu lililo nyuma ya nebula hiyo, inang'aa sana kwa infraredi, kwa jicho hakuna kitu.

Fundi_Lenzi: Kweli, lakini waambie rangi za Webb zimepangwa na watu: mawimbi marefu yanapewa nyekundu, mafupi bluu. Hakuna jicho litakaloona vile hata ukifika hukohuko.

Halafu mnasahau zile nyota nne za katikati. Inchi 6 inazitenganisha vizuri. Nazo ni changa mno, ila zimeshapeperusha vumbi la upande wetu. Ile kubwa ndiyo inayowasha karibu gesi yote kwa miali ya urujuanimno (ultraviolet). Ukungu bila kuonyeshwa taa yake ni ukungu kweli.

Ticha_Moshi: Hapo nimepata. Foleni ya kwanza wahesabu nyota nne, picha baadaye. Infraredi yenyewe nitaielezaje?

Fundi_Lenzi: Rimoti ya TV. Bonyeza mbele ya kamera ya simu, taa inaonekana kwenye kioo, kwa jicho haipo. Jaribu kamera ya selfi, ya nyuma mara nyingi ina kichujio.

MamaKibo: Na projekta uiwashe mwisho kabisa. Macho yakishapigwa na mwanga, nusu saa nzima hawaoni kitu angani.