Dirisha refu kuliko kioo cha inchi 7, kitufe cha OK hakifikiki

nati_na_bolti

Habari zenu wakuu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Makambako: misumari, rangi, mabati, nati za kila namba. Kaunta yangu inaendeshwa na Raspberry Pi 4, kile kikompyuta cha bodi moja, iliyofungwa nyuma ya kile kioo rasmi cha kugusa cha inchi 7, chenye pikseli 800 kwa 480. Nilichagua hiyo kwa sababu inakula umeme kidogo. TANESCO wakikata, betri ya sola inaibeba na mteja hajui kama kuna kilichotokea. Kibodi na kipanya sijaweka, maana vumbi la saruji haliachi kitu chenye vitufe.

Kwenye kuuza sina shida. Ukurasa wa mauzo unafunguka kwenye kivinjari, vitufe ni vikubwa, kijana wangu anabonyeza hata akiwa ametoka kuchanganya rangi. Shida ni jioni nikikaa na GnuCash, programu ya uhasibu, kufunga hesabu. Nikitaka kufungua akaunti mpya, tuseme ya msambazaji mpya wa mabati, dirisha linakuja refu kuliko kioo. Jina la akaunti naliona, maelezo nayaona, orodha ya aina za akaunti inakatikia njiani, na OK na Cancel ziko huko chini nisikofika. Nikivuta pembe ili lipungue, linagoma. Nikilisukuma juu kwa kushika kichwa chake, kichwa kinafika ukingoni na safari imeishia hapo. Kibodi ya kwenye kioo ikijitokeza ndiyo kabisa, inafunika hata kile kidogo nilichokuwa nakiona.

Nimejaribu maelekezo ya mtandaoni ya kutumia `xrandr --scale`, kioo hakitikisiki. Kununua kioo kikubwa sitaki. Upande wa pili wa kaunta umeshachukuliwa na mizani. Wenzangu mnafanyaje?

kaskazi_msa

Kaka, kwanza ufunge hesabu za leo, mengine yafuate.

Kabla ya kufungua hilo dirisha, gusa kwenye orodha ile akaunti mama unayotaka mpya ikae chini yake. Ukifungua akaunti mpya, mama atakuwa ameshachaguliwa, hutahitaji kushuka chini kumtafuta. Andika jina, kisha ukiwa bado kwenye kisanduku cha jina gonga Enter ya kibodi ya kwenye kioo. Kwa madirisha mengi ya aina hii Enter ni sawa na kubonyeza OK hata kama OK yenyewe huioni, na Esc ni sawa na Cancel. Usigonge Enter ukiwa kwenye sehemu ya Notes, huko itaongeza mstari tu na utadhani imekataa.

Dawa ya kutuliza hiyo. Wenye ujuzi wa Pi watakuja.

mzee_wa_terminali

Kijana, pikseli 800 kwa 480 si ngeni kwangu. Mwaka 2007 Asus walitoa kile kikompyuta cha Eee PC 701, inchi 7, kioo cha pikseli hizohizo, na kilikuja na Linux. Nilikitumia mpaka herufi zikafutika kwenye kibodi. Siku zile tulishikilia Alt, tukabonyeza popote katikati ya dirisha na kuliburuta mpaka kichwa chake kikapotelea juu na vitufe vya chini vikatokea. Hata kwenye Pi yako Alt na kuburuta inafanya kazi ukichomeka kibodi na kipanya. Lakini umesema huna, na mimi nakuunga mkono, kaunta ya saruji si mahali pa kibodi.

Kuhusu `xrandr`: hiyo ni amri ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Raspberry Pi OS ilihamia Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyohiyo, kwenye Pi 4 na Pi 5 toleo la Bookworm lilipotoka Oktoba 2023, na Oktoba 2024 kazi ya kupanga madirisha wakaikabidhi labwc. Maelekezo uliyoyafuata yaliandikwa kabla ya hapo, mengi yaliyoko mtandaoni ni ya zama hizo. Hakikisha kwanza uko wapi:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Ikijibu `wayland`, chombo chako ni `wlr-randr`. Iandike peke yake, itakuonyesha jina la kioo. Kwa kioo kilichounganishwa kwa ule utepe, kwenye Pi 4 kwa kawaida ni DSI-1.

Sasa, kwa nini dirisha linagoma kupungua. Programu za GTK (vifaa vya kujengea madirisha, GnuCash inavitumia) hujumlisha kila kilichomo ndani, vitufe, maandishi, nafasi za katikati, na jumla hiyo ndiyo kima cha chini cha dirisha. Labwc haiwezi kulibana zaidi ya hapo. Kwa hiyo ama upunguze vilivyomo, ama uidanganye programu kwamba kioo ni kikubwa. Mimi napenda hiyo ya pili:

`wlr-randr --output DSI-1 --scale 0.75`

Hapo programu zitaona kioo cha pikseli 1067 kwa 640, na picha nzima itabanwa ndani ya kioo chako kilekile. Mguso unafuata wenyewe, huhitaji kupimisha upya.

Lakini usiiache hivyo siku nzima. Kioo chako kina upana wa milimita 154, kwa hiyo kitufe cha pikseli 32 ni kama milimita 6. Kwenye 0.75 kinabaki milimita 4.6. Wewe jioni umekaa, unalenga kwa utulivu, utakipata. Kijana wako mchana, watu wamejaa, mmoja anataka misumari ya inchi 4 na mwingine anadai chenji, atabonyeza cha jirani. Watu wanaoshauri kubana kioo moja kwa moja hawajawahi kusimama kaunta.

Tengeneza swichi. Fungua faili, liite `/home/duka/kioo.sh` (badilisha `duka` uweke jina lako la kuingilia), uandike ndani:

```
#!/bin/sh
if wlr-randr | grep -q 'Scale: 1.000000'; then
  wlr-randr --output DSI-1 --scale 0.75
else
  wlr-randr --output DSI-1 --scale 1
fi
```

Lipe ruhusa kwa `chmod +x /home/duka/kioo.sh`. Kisha kwenye `~/.local/share/applications` weka faili la `kioo.desktop`:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Kioo
Exec=/home/duka/kioo.sh
Categories=Utility;
```

Itatokea kwenye menyu kama programu nyingine yoyote. Weka ikoni yake kwenye upau wa juu. Ukigusa mara moja kila kitu kinapungua, unamaliza na dirisha lako refu, ukigusa tena vitufe vinarudi ukubwa wa kidole.

dogo_wa_phosh

Mzee amemaliza, naongeza la simu kwa watakaopita hapa. Mimi natumia PinePhone, simu ya Linux, yenye mfumo wa postmarketOS na mwonekano wa Phosh. Kioo chake ni pikseli 720 kwa 1440, ila kwa kawaida Phosh huzidisha mara 2, kwa hiyo programu zinaona 360 kwa 720 tu. Programu ya kompyuta ya mezani ikifunguliwa humo inatoka nje kwa upana, si kwa urefu kama ya huyu ndugu.

Phosh ina njia yake ya kulibana dirisha lililozidi:

`gsettings set sm.puri.phoc scale-to-fit true`

Ukiwa na programu ya Mobile Settings unaweza kuiwasha kwa programu mojamoja, na ndivyo ninavyopendekeza. Maandishi yanakuwa madogo hasa, mimi huzungusha simu ilale ndipo nasoma.

@nati_na_bolti kama ni GnuCash peke yake inayokusumbua, unaweza kupunguza maandishi yake yeye tu. Nakili `gnucash.desktop` kutoka `/usr/share/applications` uiweke `~/.local/share/applications`, halafu mstari wa Exec uanze hivi:

`Exec=env GDK_DPI_SCALE=0.75 gnucash %f`

Kwa programu za Qt (vifaa vingine vya kujengea madirisha) kigezo ni `QT_SCALE_FACTOR=0.75`.

mzee_wa_terminali

Kigezo cha dogo ni kizuri ila kina mpaka. `GDK_DPI_SCALE` inapunguza herufi peke yake, ikoni na nafasi za katikati zinabaki vilevile, kwa hiyo dirisha linafupika kiasi tu. Cha Qt ndicho kinachopunguza vyote kwa pamoja.

nati_na_bolti

Shikamoo mzee. Nimeazima kibodi kwa jirani wa steshenari, nimeandika hayo mafaili, ikoni iko juu kulia. Akaunti ya mabati imefunguka, OK nimeiona kwa macho yangu na nimeibonyeza. Kaskazi, ile ya kuchagua mama kwanza nimeibakiza, inaokoa muda hata dirisha likienea. Dogo, ya kwako nimeijaribu peke yake: dirisha limefupika kweli, ila OK imebaki nusu imezama.

Swali moja, mzee. Nikisahau kurudisha, kijana akafungua duka asubuhi, atakuta vitu vidogo?

mzee_wa_terminali

Marahaba. Kama unaizima usiku, la. Alichobadilisha `wlr-randr` hakihifadhiwi popote, Pi ikiwaka upya inaanza na 1. Kama huwa unaiacha ikiwaka, mwonyeshe kijana ile ikoni.