Tupeane uzoefu: manispaa ikimpa supamaketi kubwa unafuu, nani analipa?

MzeeShangani
Wakuu wa Mtwara na Lindi, salaam. Kila likitajwa suala la kuvutia wawekezaji, hakosekani wa kusema tuwape wenye supamaketi kubwa kiwanja cha bei chee, tuwachongee barabara, tuwapunguzie ushuru. Wanaojua hesabu zake wamwage hapa, ziwe za kodi, za duka au za kupeleka mzigo. Siasa tuweke pembeni.

KaraniMstaafu
Anza na mfuko upi unatoa na upi unapokea. Supamaketi ikiuza, VAT ya asilimia 18 na kodi ya mapato zinakwenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, zinaishia Hazina. Manispaa inaambulia ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa haikuruhusu uvuke asilimia 0.3 ya mauzo bila VAT, na vijiada kama vya taka.

Mfano: duka linauza bilioni 3 kwa mwaka. Ushuru wake kwa kiwango hicho ni milioni 9 basi. Kama kiwanja kimetoka kwa milioni 80 chini ya bei ya soko, na mtaro na lami vimekula milioni 100, inahitajika miaka 20 kurudisha hizo 180. Hapo tumechukulia hakuna duka jingine mjini lililopunguza mauzo, jambo ambalo haliwezekani.

Na madiwani wasijidanganye kwamba watasamehe VAT, hiyo si yao. Wanachotoa ni ardhi, pango la majengo ya halmashauri, taa na mitaro. Mfuko mdogo ndio unaobeba, mfuko mkubwa ndio unaovuna.

Jumla_Chikongola
Hela ya huku inatoka kwenye korosho, bandari, saruji na mishahara. Supamaketi haiongezi hata kilo moja ya korosho mnadani, inagawana upya hela ileile. Ila mkitazama jumla ya mauzo tu mtakosea. Tazameni ni mteja gani anayehama.

Duka la mtaani lina mteja wa taslimu na mteja wa daftari. Wa daftari anachukua robo ya sukari na kipimo cha mafuta tangu Julai, analipa mnada ukishafanyika na hela ya AMCOS (ushirika wa wakulima) ikiingia benki, Oktoba au Novemba hivi. Chukulia duka lina mtaji wa milioni 6, na milioni 3 ziko kwenye daftari. Tatu zilizobaki zinazungushwa na mteja wa taslimu, ndizo zinazonunua mzigo mpya kila wiki. Supamaketi inamchukua huyo wa taslimu: mwalimu, nesi, kibarua wa bandarini. Wa daftari haimgusi, hakuna supamaketi inayokopesha nusu kilo ya sembe. Mwenye duka anabaki na madeni na rafu tupu, Septemba anafunga. Mkulima naye akikosa pa kukopa anaangukia kwa wa kangomba, yaani mlanguzi, anauza korosho ingali mtini kwa bei ya kutupa. Makadirio ya mwekezaji hayana safu ya hasara hiyo.

MzeeShangani
Serikali kubeba duka si jambo geni. Vijana waulize wazee kuhusu RTC, kampuni za biashara za mikoa za serikali, na Operesheni Maduka ya 1976, maduka binafsi vijijini yalivyofungwa ili ya kijiji yashike nafasi. Endeleeni.

Mchumi_Ligula
Marekani wamelipima hili muda mrefu. Mtafiti Emek Basker, mwaka 2005, alikuta Walmart, supamaketi kubwa ya huko, ikifungua, kaunti inapata kazi za rejareja kama 100, lakini nusu zinapotea ndani ya miaka mitano maduka mengine yakifunga. David Neumark na wenzake, mwaka 2008, walikuta kinyume: kila mfanyakazi mmoja wa Walmart anachukua nafasi ya wafanyakazi 1.4. Ugomvi wao ni namna ya kuhesabu, kwa kuwa Walmart haiendi popote tu, inachagua pa kwenda.

Kwangu hata Basker akiwa sahihi, ruzuku haijapata hoja. Duka la rejareja linafuata wateja. Wateja wakiwepo litakuja kwa hela yake. Kiwanda kinaweza kuhamia mji mwingine na bado kikauza kwetu, duka haliwezi. Miji ya eneo la St. Louis ilinyang'anyana maduka kwa misamaha kwa miaka mingi, mauzo yakawa yanavuka mpaka wa manispaa na kurudi. Mtwara na Lindi zikianza mchezo huo, anayecheka ni mwenye duka.

MamaBustani
Wanaosema "wakulima watapata soko" wasome masharti kwanza. Bidhaa iliyofungashwa, mfano korosho zilizobanguliwa, inataka alama ya ubora ya TBS, msimbopau (namba za Tanzania zinaanza na 620), TIN (namba ya mlipakodi) na risiti ya EFD, mashine ya kodi. Barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inasaidia upande wa TBS, anzeni hapo.

Mboga ina balaa lake. Mchicha unafika saa 12 asubuhi, jioni unaandikiwa "umenyauka" na kukatwa kwenye malipo. Dawa yake: kilichokataliwa kiandikwe kwenye hati ya kupokelea palepale, kabla gari halijaondoka, na sahihi mbili. Malipo ya siku 60 yanaua mkulima mdogo, maana mbegu, dawa na kibarua vinalipwa wiki hii. Na duka likianguka, msambazaji asiye na dhamana analipwa mwisho. Supamaketi za Uchumi za Kenya zilifunga Tanzania 2015. Wakenya wengine, Nakumatt, walichukua maduka ya Shoprite 2014, nao hawakudumu.

Dereva_Somanga
Upande wa pili nao usemwe: bei hushuka, na vitu vya friji vinapatikana. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga, Mei 2024, mwenye ghala kubwa ndiye mwenye akiba.

KaraniMstaafu
Basi ruzuku iende kwenye ghala na chumba baridi sokoni, kila muuzaji apangishe kwa kreti. Na kama baraza limeshaamua kutoa, vipengele visivyokosekana: kiwanja kipangishwe, kisiuzwe, punguzo liishe kidogo kidogo ndani ya miaka mitano, akiondoka mapema arudishe kilichobaki, wasambazaji wa mkoa walipwe ndani ya siku 30. Haya yaombwe kabla ya Kamati ya Fedha na Uongozi kukaa, pamoja na tathmini ya mthamini na rasimu ya mkataba. Likishafika Baraza la Madiwani, nambari zinakuwa zimeshakauka.