Trauti wa madoa anachomoka kwenye ndoana karibu na boti, tatizo ni nini?

Mshipi_Mrefu:
Wakuu, naomba msaada kuhusu trauti wa madoa (Cynoscion nebulosus) wa Galveston Bay, Texas. Chambo ni kamba hai chini ya boya, juu ya miamba ya chaza, uzi wa kusukwa wa ratili 20, ndoana saizi 1/0. Anameza vizuri, ila akibakiza mita mbili tatu kufika kwenye boti anatikisa kichwa na kuchomoka. Pia kwenye minofu kuna minyoo mieupe. Analiwa huyu?

Boya_Jekundu:
Ndoana haina kosa, mkuu. Mdomo wa huyu samaki ni utando mwembamba, na uzi wa kusukwa hauvutiki, kwa hiyo kila mshtuko unapanua tundu ambalo ndoana imetoboa mdomoni. Weka nailoni ya sm 60 kati ya boya na ndoana. Legeza breki ya rili (gurudumu la kukunjia uzi) mpaka uzi uanze kutoka ukivutwa kwa ratili 3 au 4. Pima kwa mizani ya mkononi, usikisie.

Boya likizama usikurupuke. Kunja uzi hadi uhisi uzito, ndipo unyanyue taratibu. Wengi hukosea mwishoni: wanainua ufito juu, kichwa kinatoka nje ya maji, na hapo akijitikisa hakuna maji ya kumpunguzia nguvu. Laza ufito pembeni, ncha karibu na maji. Wavu utangulie majini, samaki aongozwe juu yake kichwa mbele. Kumnyanyua kwa uzi ni kumtupa.

Kambamzima:
Kamba mchome chini ya pembe ya kichwa, ukilikwepa lile doa jeusi linaloonekana ndani. Ukilitoboa anakufa palepale. Shtua boya mara mbili, liache litulie nusu dakika. Wadogo wanapenda kamba, wakubwa wanafuata samaki, hivyo ukipata vitoto tu weka mkizi mdogo.

Tafuta pia utando wa mafuta juu ya maji wenye harufu ya tikiti maji. Hutoka kwa samaki wanaokula chini. Ule mdogo ndio mpya. Mpana umeshasukumwa, rudi upande upepo unakotoka.

Kisu_Chembamba:
Analiwa. Hayo ni mabuu ya tegu anayekomaa ndani ya papa, kwa binadamu hayaendelei. Yavute kwa ncha ya kisu, pika samaki aive. Cha kuogopa zaidi ni joto: nyama yake ni laini mno, kwa hiyo mtumbukize mara moja kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari.

Na msijaze ndoo. Tangu Machi 2024 Texas inaruhusu 3 kwa siku, inchi 15 hadi 20. Anayezidi 20 anarudishwa, isipokuwa mmoja wa zaidi ya inchi 28, naye anahitaji tagi maalumu (lebo ya kibali anayofungwa samaki). Baridi ya Februari 2021 iliua takriban 160,000 pwani hiyo, na wale wakubwa karibu wote ni majike. Ukivuka kwenda Louisiana, kanuni ni nyingine, soma kwanza.

Mshipi_Mrefu:
Asanteni. Anayezidi kipimo nimrudisheje?

Boya_Jekundu:
Lowesha mikono, tumia wavu wa mpira, usimshike kwenye matamvua. Ndoana ikiwa imeingia kooni, kata uzi karibu na mdomo, usiichokoe.