Ulinganisho: Ténéré 700, Africa Twin au Himalayan 450 kwa njia za Dodoma?

Msafiri_wa_Mtera: Wadau, nimeendesha Boxer 150 kwa miaka sita na sasa nataka kununua pikipiki kubwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nimebakiwa na tatu za kuchagua: Yamaha Ténéré 700, Honda Africa Twin 1100 na Royal Enfield Himalayan 450. Ipi ina nguvu za kutosha na itanifaa?

Gia_ya_Nne: Karibu, ndugu. Kwa sasa swali lako halijibiki, kwa sababu hukutuambia urefu wako, njia unazopita, mzigo unaobeba wala kiasi utakachobaki nacho kwa ajili ya matairi na spea. Pikipiki ya mtu mrefu anayekwenda Dar es Salaam kwa lami si ya mtu mfupi anayeingia vijijini.

Msafiri_wa_Mtera: Naomba radhi, mkuu. Nina sentimita 168 na kilo 70. Nasimamia uchimbaji wa visima, hivyo karibu kila wiki natoka Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera, na siku nyingine naingia vijiji vya Chamwino ambako njia ni mchanga na makorongo. Fedha yangu inatosha Ténéré mpya, au Africa Twin iliyotumika.

Tairi_Pana: Chukua Africa Twin bila kusita. Injini yake ya cc 1,084 inatoa nguvu za farasi zipatazo 100, na ukitaka kulipita lori kwenye mlima huna haja ya kushusha gia mbili. Ina pia mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisiserereke, jambo ambalo Ténéré zilizotoka mwaka 2019 hazikuwa nalo. Kwa mtu anayetoka kwenye cc 150, msaada huo ni mkubwa.

Dada_wa_Lami: Ndugu yangu, naomba usome haya kabla hujalipa. Mimi nina sentimita 163, na miaka minne iliyopita nilinunua pikipiki ya zaidi ya cc 1,200, yenye uzito wa karibu kilo 250 tenki likiwa limejaa. Kwenye lami ilikuwa tulivu kuliko gari, na kwa miezi miwili niliamini kwamba nimechagua vizuri. Siku moja niliingia njia ya kijijini baada ya mvua, nikasimama kumpisha mchungaji na ng'ombe wake, na mguu wa kushoto ukatafuta ardhi usiipate, kwa kuwa upande huo palikuwa na mfereji. Pikipiki ililala juu ya kifundo cha mguu wangu, na watu watatu ndio walioiinua. Mfupa ulivunjika, na mkono wa klachi nao ukavunjika. Aliyeniuzia alikuwa ameniahidi spea zote, lakini mkono huo niliusubiri kwa wiki saba, muda mrefu kuliko nilioukaa na plasta. Nguvu za injini hazikunisaidia chochote pale, kwa sababu nilikuwa nimesimama.

Fundi_Spoki: Pole sana, dada. Ndiyo maana mimi huanza na kiti na uzito. Ténéré ina kiti chenye kimo cha milimita 875 kutoka ardhini, na uzito wa kilo kama 205. Africa Twin ina 850 au 870, lakini ni kilo 226. Himalayan 450 ina 825 au 845 na kilo kama 196. Tazama vizuri: Himalayan inaipita Ténéré kwa wepesi kwa kilo chache tu, ilhali ina farasi 40 dhidi ya 73. Kinachotofautiana hasa ni kimo. Kiti cha Ténéré unaweza kukipunguza sponji, ila usikubali kushushiwa shokapu kwa pupa, maana tumbo la pikipiki litagonga mawe ya makorongo hayo.

Tairi_Pana: Fundi, umesahau kwamba Ténéré ina matairi ya tyubu. Africa Twin ya Adventure Sports haina tyubu, na ukipata pancha unachomeka uzi wa kuzibia tundu, unajaza upepo na kuondoka.

Fundi_Spoki: Nakubali, kama pancha ni ya msumari. Rimu ikipinda kwenye jiwe, tairi lisilo na tyubu litavuja, na uzi hautakufaa. Tyubu inazibwa na fundi yeyote wa bodaboda, ilimradi ubebe nyenzo zako za kulibandua tairi, kwa sababu tairi pana hung'ang'ania rimu kuliko la Boxer.

Mpenda_VStrom: Mbona hakuna aliyeitaja Suzuki V-Strom 650? Kiti chake ni milimita 835, tenki ni lita 20, na injini yake nimeiamini kwa miaka mingi kati ya Singida na Mwanza.

Gia_ya_Nne: Ni pikipiki nzuri, lakini gurudumu la mbele la inchi 19 kwenye mchanga halitulii kama la inchi 21, ambalo zote tatu za ndugu yetu zinalo.

Msafiri_wa_Mtera: Nawashukuru nyote. Jumamosi nitaikalia Ténéré ya rafiki yangu nikiwa na buti za kazini. Sikusema pia kwamba mara mbili kwa mwezi hubeba fundi wangu wa pampu pamoja na sanduku la vifaa.

Dada_wa_Lami: Hilo lilipaswa kuja mwanzoni, ndugu. Fundi huyo na sanduku lake wana kilo ngapi?